Sahibu, niulizie kwa Bibi

Leicester,
Jumapili jioni

Sahibu yangu Rashidi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, ila baridi ndiyo haijatuachia. Unisamehe kwa kukaa kimya tangu Mfungo Tatu. Kilichonitia kalamu mkononi leo ni ile riwaya yangu ya vita vya Mjerumani, ambayo imekwama.

Mpagazi wangu ameshachukuliwa Tanga baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, mzigo u kichwani, lakini kila nikitaka kumtembeza naona ninaandika mambo ya vitabuni. Tarehe ninazo, hata ile ya 25 Novemba 1918 Wajerumani waliposalimu amri Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Nisichonacho ni alikula nini njiani, na mkewe aliambiwa nini.

Juzi nilimrudia mwandishi Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Unguja akiwa kijana baada ya Mapinduzi, akaishi Uingereza zaidi ya miaka hamsini kabla ya kuitoa riwaya yake *Afterlives* mwaka 2020, inayogusa vita hivyo hivyo. Ukurasa ulionishika haukuwa wa bunduki. Ni pale mtoto Afiya, aliyefundishwa kuandika na kaka yake, anapigwa na mlezi wake mpaka mkono unavunjika, kwa kosa la kujua kuandika. Nilikifunga kitabu nikakaa kitako. Yule mtoto hayumo katika taarifa ya jemadari yeyote. Na mimi niliyeondoka mtu mzima, niliyelelewa karibu na wazee waliojua…

Ndipo nikamkumbuka Bibi, hapo kwenu Ngamiani, alivyokuwa akisema babu yake «alichukuliwa kariakoo», nasi tukidhani ni soko la Dar es Salaam, kumbe ni lile jeshi la wapagazi la Waingereza lenyewe, «Carrier Corps». Nakuomba ukae naye baada ya Alasiri, anapokunja tambuu yake, umsikilize bila kumkatiza, kisha uniandikie maneno yake kama yalivyo, hata yale usiyoyaelewa. Amekula chumvi nyingi, na mimi nauli ya kuja mwaka huu sina.

Kile kibuyu chenye mshipi wa ngozi, nyuma ya mlango wa chumba chake, bado kipo? Babu yake alirudi nacho mwenyewe, au kililetwa na mwenzake? Alilipwa chochote? Kaburi lake linajulikana? Na mguu wa Mama unaendeleaje, ameanza kushuka ngazi?

Wasalaam,
Nduguyo, Hamisi