Barua kwa mjomba wangu wa Magomeni: msomi anadaiwa nini?

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa kuwa na wewe ulisema hadharani, pale kijiweni, mbele ya wanywa kahawa wote, kijana wetu wa chuo alipouliza michango ya mtaro wa mtaani imefikia wapi: kijana aliyesomeshwa kwa kodi za wananchi anyamaze, amalize chuo, alipe deni. Watu wakaangua kicheko, na muuza kahawa akagonga vikombe vyake kukuunga mkono. Nilikaa kimya kwa heshima yako tu.

Hoja yako si ya kupuuzwa. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta kingine. Asiporudi, ni msaliti. Nakubali kabisa. Lakini tuseme yule mtu akifika njiani akute daraja mlilomwelekeza limebomoka. Arudi aseme, au anyamaze kwa kuwa alikula chakula chenu? Mlimtuma yeye ili aone.

Najua utanitajia mwaka 1966. Nyinyi wazee hamuishi kuutaja. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa chuo kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na kufanya kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Bango moja lilisema afadhali wakoloni. (Hilo bango hata mimi silitetei.) Mwalimu akawaka, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Hapo ndipo masimulizi yako huishia, mjomba, na utamu uko mbele. Vijana wale walilalamikia pia mishahara minono ya wakubwa, na Mwalimu akawaambia papo hapo kwamba kwa hilo wana haki. Akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili na kupangisha nyumba. Sisemi Azimio lilizaliwa na maandamano. Ninachosema ni kwamba katika kelele za watoto wenye ubinafsi kulikuwa na neno la kweli, na lisingesikika kama wangenyamaza. Wengi wao baadaye walirudishwa chuoni.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alilieleza hili mwaka 1859. Maoni unayoyaziba huenda ni ya kweli; huenda yamebeba kipande cha ukweli unachokikosa; na hata yakiwa ya uongo mtupu, bila kubishiwa nawe utabaki kuukariri ukweli wako kama kasuku. Mpaka aliouwekea uhuru huo wa kusema ni madhara kwa wengine. Kumkera mzee kijiweni hakumo. Na kabla hujasema hayo ni ya Wazungu, Mwalimu alimsoma Mill akiwa chuoni Makerere, akaandika insha ya kutetea wanawake wa kwao Uzanaki kwa hoja zake.

Na Machi 1967, miezi michache tu baada ya kuwafukuza wale vijana, aliandika kwamba shule za Tanzania zimjengee raia akili ya kudadisi na kujiamini kwamba ni mtu huru, sawa na wenzake. Angetaka wasomi bubu asingeandika hivyo.

Sasa huyu wetu. Kwanza hakusomeshwa bure: ana mkopo, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi uishe. Pili, aliuliza kitu gani hasa? Michango ya mtaro imefikia wapi. Basi. Hakuna aliyemjibu la mtaro. Wote mlijibu la kusomeshwa kwake. Nawe, mjomba, ulichanga kama wengine, tena naamini lile swali unalo rohoni.

Nimemshauri aliulize tena kwenye mkutano wa mtaa, mapato na matumizi yasomwe, na nimeahidi kwenda naye. Ukija tutakuwekea kiti.

Mpwa wako.