Malalamiko kuhusu shanga za plastiki mlizoniuzia kuwa mti uliogeuka jiwe

Mombasa

Kwa Meneja wa Mauzo,

KUH: NYUZI 20 ZA SHANGA

Mimi ni mtengenezaji wa mikufu na bangili. Mwezi uliopita nilinunua kwenu nyuzi 20 za shanga za milimita 8, na risiti yenu inasema ni mti uliogeuka jiwe kutoka Madagaska. Ni plastiki.

Nilishtuka mteja aliponirudishia mkufu. Aliuvaa majuma mawili tu, na kila mahali shanga zilipogusana mng'aro umechubuka. Mti uliogeuka jiwe ni madini ya silika, ndugu wa akiki. Ugumu wake hukaribia 7 kati ya 10 katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini: hukwaruza kioo, na kisu cha jikoni hakiutii alama. Nilipitisha kisu kwenye shanga yenu, kikaondoka na ganda lililojikunja. Nikaichoma kwa sindano ya moto, chumba kizima kikanuka plastiki. Hata kiganjani jiwe hukaa na ubaridi wake. Hizi zilipata joto mara moja.

Kilichoniuma zaidi nilikiona nilipozitandaza juu ya kitambaa cheupe mchana. Katika uzi mmoja, shanga 11 zina miviringo ile ile ya mti, na kila moja ina kifundo cheusi mahali pale pale, kama alama ya chanjo begani. Zimetoka kwenye kalibu moja. Gogo halikui hivyo.

Mteja yule nilimwambia kwa kinywa changu kwamba anavaa mti ulioota kabla mwanadamu hajakanyaga dunia. Ndiyo sababu alikubali bei. Nimemrudishia pesa zake zote na kumwomba radhi, lakini aliondoka bila kuangalia kitu kingine mezani.

Naomba mnirejeshee pesa za nyuzi zote 20 pamoja na nauli ya mzigo. Mkipendekeza kunibadilishia, sitapokea bila karatasi inayoonyesha jiwe lilichimbwa wapi na kwa kibali gani. Hapa Kenya tuna miti ya aina hii Sibiloi, mashariki ya Ziwa Turkana, ndani ya hifadhi ya taifa. Sitashika hata shanga moja iliyoibwa huko.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha, na shanga 3, ikiwemo niliyoikata. Zilizobaki ziko kwangu, njooni mzichukue. Nisipopata jibu kwa maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha dai langu katika Mahakama ya Madai Madogo.

Wenu mwaminifu,
Mtunga shanga, Mombasa