Salamu za Desemba 26

Ndugu wasomaji, nawapa mkono wa heri ya Krismasi, ninyi mliokula pilau na jamaa zenu jana, na ninyi mliokuwa zamu. Hao wa pili ndio ninaotaka kuwasalimu zaidi, kwa sababu sikukuu ya leo, Boxing Day, ambayo ilitufikia Tanzania, Kenya na Uganda kwa mkono wa Waingereza, ilikuwa yao kabla ya kuwa yetu sote.

Katika nyumba za wakubwa wa Uingereza ya zamani, Krismasi ilikuwa siku ya kazi nzito. Bwana na bibi walipoketi mezani na wageni wao, wapishi, waandazi na watunza farasi walikuwa mbioni tangu alfajiri. Kesho yake ndipo waliporuhusiwa kwenda kuwaona wazazi wao, wakiwa wamebeba sanduku (kwa Kiingereza, “box”) lenye fedha kidogo, nguo, au chakula kilichobaki karamuni.

Mjini nako, vijana waliokuwa wakijifunza ufundi walikuwa na kibubu cha udongo chenye tundu jembamba la kupitisha sarafu. Wateja wa bwana wao walitia walichojaliwa, na baadaye kibubu kilivunjwa, vijana wakagawana kilichomo. Samuel Pepys, ofisa wa serikali aliyeacha shajara mashuhuri ya maisha ya London, aliandika tarehe 19 Desemba 1663 kwamba alikwenda kumlipa fundi wake wa viatu, kisha akatia kitu katika sanduku la vijana kwa ajili ya Krismasi. Habari hiyo fupi inanigusa sana: deni la fundi lilikuwa limekwisha kulipwa, lakini Pepys aliwakumbuka pia vijana waliokaa nyuma ya fundi huyo.

Kwa Wakristo wengi, Desemba 26 ni pia kumbukumbu ya Mtakatifu Stefano, na sidhani kama kuna mtakatifu anayeifaa siku hii kuliko yeye. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinaeleza kwamba manung'uniko yalizuka Yerusalemu kwa kuwa wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, ndipo wakachaguliwa watu saba wa kuisimamia huduma hiyo, Stefano akiwa wa kwanza kutajwa. Kwa hiyo, kabla ya kupigwa mawe kwa ajili ya imani yake, alikuwa amekabidhiwa kazi ya kuhakikisha kwamba hakuna anayerukwa chakula kinapogawiwa.

Sheria ya mwaka 1871 ndiyo iliyoifanya siku hii kuwa mapumziko rasmi Uingereza, ingawa Scotland iliachwa nje kwa miaka mingi. Ireland huiita kwa jina la Stefano mwenyewe, na Afrika Kusini huiita Siku ya Nia Njema. Michezo nayo imejipatia nafasi yake: Desemba 26, 1860, klabu za kandanda za Sheffield na Hallam, za Uingereza, zilikutana uwanjani, na mpaka leo Waingereza wengi huimaliza sikukuu kwenye kandanda. Kwetu mabondia hupanda ulingoni, na fukwe hujaa watoto.

Furaha hiyo ni halali, nami naitakia kila nyumba. Ila naomba kabla jua halijazama tumtazame dada wa kazi aliyesonga, akapika na kuosha vyombo vyote vya jana, tumpe nauli na ruhusa ya kwenda kwao, pamoja na bahasha yenye kitu cha maana, mbali na mshahara wake. Mlinzi aliyekesha getini tumpelekee sahani iliyopakuliwa kwa ajili yake tangu mwanzo, yenye mnofu kama ya mgeni.

Kwenu wauguzi, madereva, makondakta, wazoa taka na wapishi mliofanya kazi jana ili sisi tupumzike: asanteni sana, na heri ya sikukuu yenu.