Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mazoea ya leba tuliyoyahoji

Ndugu wanachama, wakunga wenzangu,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na suala la ada lina ajenda yake. Nafasi yangu nitaitumia kueleza kazi iliyotuchukua muda mwingi kuliko zote mwaka huu: kuyapitia mazoea ya leba na kuuliza yanamsaidia nani.

Tulianza na kuongeza njia, yaani kumkata mama msamba kwa mkasi ili mtoto apite. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mama wa uzazi wa kwanza lazima akatwe ili asichanike vibaya. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Argentina kwa wanawake 2,606. Katika kundi lililofuata mazoea, asilimia 83 walikatwa; katika kundi la kukata inapolazimu tu, asilimia 30. Michaniko mikubwa haikuongezeka katika kundi hili la pili, na maumivu na shida za kidonda zilipungua. Ni zaidi ya miaka thelathini sasa, na bado mkasi unatangulia sababu.

Baadhi ya wanachama wa siku nyingi walipinga kikaoni, na hoja yao ni nzito. Mkunga aliye peke yake zamu ya usiku anaogopa mchaniko unaofika njia ya haja kubwa, kwa sababu hana wa kuushona. Hofu hiyo haiondolewi kwa karipio. Inahitaji mafunzo ya kulinda msamba na kutoa kichwa polepole, na inahitaji rufaa inayofanya kazi usiku. Nawashukuru waliosema wazi.

Kisha tukafika kwenye sentimita moja kwa saa, kasi ambayo tulifundishwa mlango wa kizazi unapaswa kufunguka nayo wakati wa uchungu. Kipimo hicho kinatokana na kazi ya daktari Friedman wa New York miaka ya 1950, na mwaka 1972 Philpott na Castle, wakiwa Rhodesia (sasa Zimbabwe), wakakigeuza kuwa mstari wa tahadhari kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu. Nia yao ilikuwa njema: kumtambua mapema mama wa kupelekwa hospitali kubwa. Lakini mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hatua ya uchungu wa kasi ihesabiwe kuanzia sentimita 5, na kwamba wanawake wengine hawafuati kasi hiyo na bado hujifungua salama. Mwongozo wa shirika hilo wa kufuatilia uchungu, wa mwaka 2020, umeuacha mstari ule. Kwetu bado mama anafika na sentimita 4, moyo wa mtoto uko vizuri, naye anatundikiwa dripu ya uchungu kwa kuwa kitanda kinasubiriwa. Naamini haraka hiyo mara nyingi ni ya wodi, si ya mtoto.

Kumnyoa mama sehemu za siri, kumwosha utumbo kwa maji ya sabuni kupitia njia ya haja kubwa na kumnyima chakula mama asiye na tatizo, hayo hayakutuchukua muda, hakuna aliyeyatetea. Kukandamiza tumbo ili mtoto atoke ni kubaya zaidi, na naomba kukome kabisa.

Kuhoji si kufuta kila kitu. Sindano ya oksitosini, yuniti 10 mara mtoto anapozaliwa, inaokoa mama asivuje damu, na atakayeiacha kwa jina la uasilia anahatarisha maisha. Kitovu nacho kisubiri angalau dakika moja kabla ya kubanwa, isipokuwa mtoto anahitaji kusaidiwa kupumua haraka.

Jambo la msindikizaji limetushinda kwa sehemu. Mama ana haki ya kuwa na mtu wake, lakini vitanda vilivyokaribiana bila pazia haviruhusu. Tumeandika barua kuomba mapazia. Majibu bado, na katibu anafuatilia.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza jambo moja lipigiwe kura leo: kila anayeongeza njia au kutundika dripu ya uchungu aandike sababu yake kwenye faili la mama, kwa mkono wake, na kila robo mwaka tuzisome pamoja bila kutaja majina. Fomu ziko kwa katibu.