Barua kwa Mwanangu Baraka Aliyehamia Owensboro

Bowling Green, Kentucky

Mwanangu mpendwa Baraka,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo. Dada yako anaendelea na masomo, na bibi yako kikohozi kimemwachia. Tangu uliponipigia simu Jumapili, neno moja ulilolisema limenikaa moyoni: kwamba huko Owensboro hakuna chochote chetu, na kwamba ukitoka kazini unajifungia chumbani na simu mpaka usingizi ukuchukue. Unakumbuka kwamba nami nilifanya kazi katika mji huo miaka miwili, nikilala huko siku za juma na kurudi kwenu Ijumaa usiku, ninyi mkiwa chini ya uangalizi wa bibi. Kwa hiyo naona si haki ninyamaze. Nitakuandikia niliyoyala, niliyoyasoma na niliyoyasikia huko, kizuri nikikiita kizuri na kibaya kibaya, nawe utapima mwenyewe.

Nianze na chakula, maana sauti yako ya simu ilikuwa ya mtu asiyekula vizuri. Mahali pengi Marekani wakichoma nyama ya moshi huchoma nguruwe au ng'ombe, lakini Owensboro huchoma kondoo aliyekomaa. Katika karne ya 19 watu wa eneo lile walifuga kondoo kwa ajili ya sufu, na kondoo alipozeeka nyama yake ilikuwa ngumu kama kamba, hivyo wakajifunza kuiweka juu ya moshi wa kuni za mti wa hickory kwa saa nyingi, wakiinyunyizia mchuzi mweusi wa siki na viungo mpaka ilegee. Nenda Moonlite, kwenye barabara ya Parrish, mkahawa ulio mikononi mwa ukoo wa Bosley tangu 1963. Omba nyama ya kondoo iliyokatwa vipande, siyo iliyosagwa, na uangalie kwanza kingo zake: ni nyeusi na kavu kidogo, lakini ukigusa kwa uma nyama ya ndani inaachana yenyewe, mafuta yameshatoka yote na harufu ya kondoo imebaki. Mchuzi mweusi wanaouleta pembeni ni mwepesi kama chai ya rangi, una uchachu wa siki na ukali wa pilipili manga. Tia huo, na ule mwekundu wenye sukari uuache mezani. Mkate mweupe nao uache. Mimi nilikuwa nikifunga nyama hiyo, nikaenda nayo chumbani na kuila na ugali, na sijapata tangu tuondoke kwetu Uvira, Kongo, nyama iliyokubaliana na ugali kiasi kile.

Sikwambii kwamba kila mlango ni mwema. Upo mkahawa mmoja, ambao sitautaja, ulioniletea mboga za majani zilizochemshwa mpaka zikapoteza rangi, kisha zikatiwa sukari. Nilizila kwa sababu nililelewa nisiache chakula kwenye sahani, lakini sikurudi tena.

Kitu ambacho hutakipata kwa ubora wake mkahawani ni burgoo, mchuzi mzito wa nyama ya kondoo na kuku, mahindi, viazi, kabichi, nyanya na vitunguu. Wakati wa kiangazi parokia za Kikatoliki za huko hufanya sherehe zao, na wanaume hukesha nje wakiupika katika masufuria makubwa ya chuma juu ya moto wa kuni. Asubuhi moja nilikuwa natembea kabla jua halijachomoza, nikaufuata moshi, nikawakuta. Mzee mmoja mwenye aproni alikuwa anakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia la mtumbwi, jasho linamtoka, macho mekundu kwa usingizi. Nilisimama nikamtazama, kwa sababu alikuwa anakoroga kama tunavyokoroga sisi kwenye matanga na harusi, akiuburuta mwiko mpaka chini ya sufuria ili mchuzi usishike moto. Aliniona, hakuniuliza natoka wapi, akanikabidhi mwiko. Nilikoroga kwa muda wa nusu saa na tulizungumza machache sana. Baba, kama unatafuta chetu, mimi nilikiona pale.

Kuhusu kusoma, najua Biblia yako unayo, na sina wasiwasi nayo. Nina wasiwasi na vile vijitabu vya kukuza imani ambavyo watu hupeana kazini na kanisani, vinavyoahidi kwamba ukiomba hivi kwa siku kadhaa utapata gari, nyumba na mchumba. Nimevisoma vingi, zaidi ya kumi, kwa sababu niliona aibu kumkatalia mtu zawadi. Havina mtu anayeteseka ndani yake, ila aliyeteseka kurasa mbili akafanikiwa, na mtu aliyelala miaka kumi na miwili katika kambi ya wakimbizi hawezi kulishwa na hayo.

Nilichokisoma mimi nikiwa Nyarugusu, kambi yetu kule Tanzania, ni Safari ya Msafiri cha John Bunyan, nakala isiyo na jalada, iliyozunguka katika kwaya yetu mpaka kurasa zikalegea. Bunyan alifungwa gerezani Bedford, Uingereza, kwa miaka kumi na miwili kwa sababu ya kuhubiri bila ruhusa, na kitabu chake kilitoka 1678. Nakubali kwamba watu wake wote wamepewa majina ya tabia, na msomaji wa leo anaweza kuchoshwa na hilo. Lakini mtu aliyebeba mzigo mgongoni na kuvuka mto usiku na watoto hahitaji kuelezwa mzigo ule ni nini. Nakutumia nakala mpya kwa posta.

Cha pili ni vitabu vya Thomas Merton, naye ni jirani yako. Alikuwa mtawa wa Kikatoliki, wa shirika la Watrapisti, katika abasia (nyumba ya watawa) ya Gethsemani, karibu na Bardstown, humu humu Kentucky. Aliingia Desemba 1941 na alikufa Desemba 1968. Kile cha maisha yake, kilichotoka 1948, ndicho kilichomfanya ajulikane, lakini nakwambia wazi kwamba kwangu ni kirefu kupita kiasi, na sisi Waprotestanti anatutaja kwa ukali ambao hatukustahili. Anza na alichokichapisha 1966, Conjectures of a Guilty Bystander. Humo anasimulia kwamba tarehe 18 Machi 1958, akiwa amesimama kwenye njia panda ya Fourth na Walnut katikati ya Louisville, akiwatazama watu waliokuwa wanaingia na kutoka madukani, alijazwa ghafla na upendo kwao wote, akatambua kwamba ingawa hakumjua hata mmoja wao, hawakuwa wageni kwake. Amekwisha kuishi miaka kumi na sita nyuma ya kuta za abasia, ndipo anaambiwa hayo kwenye njia panda ya mjini. Kipande hicho hakizidi kurasa chache. Kisome polepole, jioni, simu ukiwa umeiweka mbali.

Sasa nifike kwenye muziki, na hapa nina jambo la kukuungamia. Zile Ijumaa nilizokuwa nachelewa kurudi, nanyi mkikaa macho mkinisubiri, niliwaambia ni barabara. Haikuwa barabara. Kutoka Owensboro kuja Bowling Green, ukifika upande wa Beaver Dam, Rosine iko maili chache tu pembeni, nami nilikuwa nakata kona kwenda kukaa ghalani. Ni ghala kweli, la mbao, ambamo katika miezi ya joto watu hupiga muziki wa nyuzi uitwao bluegrass Ijumaa jioni bila kiingilio. Rosine ndiko alikozaliwa Bill Monroe, tarehe 13 Septemba 1911, na ndiko alikozikwa. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya wanane, macho yake hayakuwa mazima, na kaka zake walipokwisha kuchukua fidla na gitaa, yeye akaachiwa mandolini, ala ndogo ya nyuzi. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka kumi, baba yake akafuata miaka michache baadaye, akaenda kuishi na mjomba wake Pendleton Vandiver, mpiga fidla. Bendi yake aliiita Blue Grass Boys, na jina la muziki wote likatoka hapo.

Ijumaa ya kwanza nilikaa karibu na mlango, mweusi peke yangu, tayari kuondoka. Vijana watano walisimama mbele ya maikrofoni moja tu. Nikawa najiuliza watasikika vipi, kisha nikaona: mwenye zamu alisogea mbele na ala yake mpaka karibu aiguse maikrofoni, akamaliza, akarudi nyuma kwa bega huku mwenzake akipenya kuingia, hakuna aliyemgonga mwenziwe wala kutazama chini. Banjo ilinishika zaidi. Iangalie kwa karibu utakapokwenda: tumbo lake limewambwa kama ngoma, na uzi wa tano ni mfupi, umefungwa katikati ya shingo, nao unalia chini ya kidole gumba bila kukoma wakati vidole viwili vingine vikikimbia. Wajola wa Senegal na Gambia wanayo akonting, ya kibuyu na ngozi, yenye uzi mfupi kama huo. Na banjo za kwanza zilitengenezwa kwa vibuyu na mikono ya Waafrika waliouzwa utumwani upande huu wa bahari. Bill Monroe mwenyewe, akiwa kijana, alipiga kwenye madansi pamoja na Arnold Shultz, mtu mweusi wa wilaya ile ile ya Rosine, iitwayo Ohio, humu humu Kentucky, mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa, mpiga gitaa na fidla. Shultz alikufa 1931 bila kurekodiwa hata wimbo mmoja. Kaburi lake liko Morgantown, mji unaoupita kila unapokuja nyumbani.

Karibu na mwisho wa jioni ile, wenye banjo na fidla waliweka chini ala zao, wakabaki mandolini na gitaa, na wanaume wanne wakaimba kwa sauti nne wimbo ambao sisi tunaujua kwenye Tenzi za Rohoni kama "Yesu Kwetu ni Rafiki". Nilikuwa sijausikia ukiimbwa kwa sauti nne tangu kwaya ya Nyarugusu ilipotuaga. Niliimba kwa Kiswahili, kwanza kimya, kisha si kimya sana, na mama mmoja wa Kizungu aliyekaa mbele yangu aligeuka, akasogeza kiti chake nyuma kikawa sambamba na changu, akaendelea kuimba kwa lugha yake. Nilifika nyumbani usiku wa manane. Wewe ulikuwa umelala mezani, kichwa juu ya daftari. Nisamehe kwa usiku ule na nyingine kama ule, sikujua kuwaeleza.

Nimeomba ruhusa kazini. Ijumaa ya pili ya mwezi ujao nitakuja Owensboro mapema, na bibi yako amesema atakuja pia. Wewe nunua nyama Moonlite, ratili mbili, na mchuzi mweusi. Ugali nitauleta mimi katika chombo cha kuhifadhi joto, pamoja na pilipili ya bibi. Tutakula, halafu utatuendesha mpaka Rosine. Chukua sweta, maana mlango wa ghala huachwa wazi na usiku hupata baridi.

Ni mimi mama yako akupendaye,

Mama Baraka