Kabla ya kulipia usiku mtoni, uliza boti ni ngapi

Ndugu Mhariri,

Maji yakianza kupungua, kuanzia Julai hadi Novemba, matangazo ya safari za kulala mtoni huwa mengi. Boti inaachwa ielee na maji, wageni wanavua mchana kutwa, jioni mahema yanasimamishwa kwenye fungu la mchanga, na asubuhi msafara unaendelea kushuka. Safari hizi zipo kwenye Mnyera na Ruhudji, mito inayokutana na kuzaa Kilombero, na kwenye Rufiji ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Bei zinapishana mno kwa safari ambayo kwenye tangazo inasomeka ileile. Sisi tunaoifanya kazi hii tunaomba nafasi tueleze kinachopunguzwa ili bei ishuke.

Cha kwanza kupunguzwa ni boti ya pili. Boti moja hubeba wageni wawili, nahodha na mwongozaji, nyingine hubeba mahema, maji, mafuta na mpishi, na haitakiwi kubaki nyuma zaidi ya kona moja ya mto. Ukiiondoa, mizigo yote inapanda kwenye boti ya wageni, ubavu unazama karibu na maji, na boti ikipinduka hakuna wa kuja kuokota watu. Jaketi la kujiokolea litamweka mtu juu ya maji, lakini halimtoi kwenye maji yenye mamba.

Hata bila kupinduka, injini hufa. Injini ya boti hupozwa na maji ya mto huohuo. Penye kina kifupi pampu yake huvuta mchanga, mapezi ya raba yaliyomo ndani hulika, na kitundu cha kutolea maji huziba. Nahodha anayejua kazi utamwona anageuza shingo kila mara kutazama ule mchirizi mwembamba unaoruka nyuma ya injini. Ukidhoofika au ukianza kutoa mvuke, anazima papo hapo na kuzibua kitundu kwa waya. Asiyetazama ataiunguza injini ndani ya dakika chache. Ziwepo pia pini za propela, tatu hivi: pini imetengenezwa ikatike propela inapogonga gogo ili gia zipone, kwa hiyo kukatika kwake si ajabu. Ajabu ni kusafiri bila ya akiba. Plagi, koleo na pondo mbili ndefu hazihitaji maelezo.

Mafuta nayo yana hila. Kuelea siku mbili injini ikiwa imezimwa hula lita chache, na mtu hujiona tajiri. Kisha anatakiwa kupanda mkondo uleule na mzigo uleule. Pima mafuta kana kwamba utapanda njia yote kwa injini, halafu ongeza theluthi. Dumu liachwe litulie usiku kucha, na sentimita mbili za chini zisimiminwe, maana maji na uchafu ndiko vinakokaa.

Kuhusu viboko, watu wengi hudhani dawa ni kukaa mbali tu. Mto mwembamba hauna mbali. Kiboko akishtuka hukimbilia kilindi, basi kilindi aachiwe yeye. Kwenye kona, maji huchimba ukingo wa nje na mchanga hutulia upande wa ndani. Boti inapita ndani, kwenye maji ya magotini, pondo ikigusa chini. Kabla ya kupita, nahodha hugonga ubavu wa boti taratibu ili walio chini waibuke wahesabiwe. Kama walionekana saba na vichwa vilivyoibuka ni sita, boti inasubiri. Kiboko hukaa chini dakika tano hivi, na mgeni mwenye haraka ndiye wa kutulizwa hapo.

Kosa kubwa zaidi hufanyika jioni, nalo halihusiani na bei bali na uvivu. Mahali pazuri pa kuegesha boti, penye ukingo ulioshuka taratibu kama ngazi, mara nyingi pamelainishwa na viboko wenyewe. Njia yao inajulikana: miguu ya kiboko imeachana, kwa hiyo huacha mifereji miwili sambamba yenye tuta jembamba la nyasi katikati, na pembeni vichaka vimerushiwa mavi. Giza likiingia anatoka kwenda kula majani, na kabla ya kupambazuka anarudi kwa njia hiyohiyo. Hema lililo kati yake na maji halimpi sababu ya kuzunguka. Sisi huhesabu hatua 50 kutoka kwenye njia, na tukikuta njia tatu kwenye fungu moja, tunaondoka hata kama jua limeinama. Ndiyo maana kambi hutafutwa saa kumi, si saa kumi na mbili. Chini ya miti ya mivumo, jamii ya minazi, pia hapafai wakati matunda yanaiva: tunda lenyewe ni zito, na tembo hulifuata.

Juu ya usawa wa maji tunataka angalau urefu wa mtu. Anga ya kambini inaweza kuwa safi huku mvua inanyesha milima ya Udzungwa au Njombe, na maji yakafika usiku. Chomeka kijiti kwenye ukingo wa maji jua linapozama. Mlinzi wa zamu akitazame kila saa. Chini ya Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, kuna jambo jingine: mto hufuata mitambo na milango ya bwawa, si mvua pekee, kwa hiyo mazoea ya zamani ya kusoma maji hayatoshi tena.

Maji ya kuogea yatekwe kwa ndoo yenye kamba, mtu akiwa juu ya ukingo, na mahali pabadilishwe kila mara. Mamba hujifunza ratiba ya watu. Matumbo ya samaki yatupwe katikati ya mkondo, upande ambao maji yameshaipita kambi, kamwe si kwenye gati ya jikoni.

Uvuvi wenyewe tunauacha mwisho kwa makusudi, maana wageni huja wameshaujua kwa maneno. Taiga, samaki mwindaji wa mito hii, kitaalamu Hydrocynus tanzaniae, ana meno yaliyochomoza nje na kinywa cha mfupa mtupu. Mshipi wa nailoni anaukata mara moja. Funga waya wa chuma wa sentimita 30 mbele ya ndoana. Akiuma, usiinue fimbo juu kama unavyomfanyia perege. Elekeza ncha kwake na uvute mshipi kwa mkono, kwa nguvu, mara mbili tatu, mpaka ndoana ipate pa kushika. Bado wengi watachomoka wakiruka, na hilo si kosa la mwongozaji. Kijimwiba cha ndoana kibanwe kwa koleo, samaki apokewe kwa wavu wa mkono wenye raba, na ndoana itolewe ndani ya boti. Kumshikilia majini mpaka apate nguvu ni desturi nzuri kwenye mito isiyo na mamba. Hapa mkono unabaki juu, wavu ndio unaoshushwa. Kwa picha, mpiga picha abane pumzi: zikimwishia, samaki naye zimemwishia.

Tunaomba wanaotoa vibali waandike boti mbili na mlinzi wa usiku kuwa sharti, na wanaotangaza waonyeshe kwenye tangazo idadi ya boti, ya watumishi na ya wageni kwa kila boti, pamoja na kama ipo simu ya setilaiti, kwa sababu mtandao wa kawaida unaishia mapema mno. Msomaji anayetaka kwenda mwezi Septemba anaweza kuuliza hayo leo kwa simu, na aulize pia kambi ya usiku wa kwanza huchaguliwa na nani, na saa ngapi.

Waongoza wageni wa majini,
Ifakara