Mpwa wangu, Rutschman hajaisha

Mpwa wangu,

Marahaba. Shikamoo yako niliipokea, pamoja na yale maneno makali yaliyoifuata, kwamba Adley Rutschman, mdakaji wa Orioles, timu ya besiboli ya hapa Baltimore, kaisha. Sikukujibu palepale kwa sababu nusu ya uliyosema ni kweli, na wewe ukikubaliwa nusu unachukua yote. Nakujibu hadharani kwa kuwa hauko peke yako. Hata hapa Baltimore wapo wanaosema kijana kaisha, Orioles wamtafutie mnunuzi kabla hajawa huru kuondoka mwishoni mwa 2027.

Tuanze na yaliyo kweli. Msimu wa 2025 alimaliza na wastani wa .220, yaani mipigo halali 22 katika kila majaribio 100. Mwaka 2023 alikuwa na .277 na mipira 20 iliyovuka ukuta, yaani home run. Mwaka 2025 ilivuka 9 tu, na miwili kati ya hiyo aliipiga siku ya ufunguzi wa msimu kule Toronto, tukarukaruka sebuleni kama wendawazimu. Baada ya hapo, kimya. Wala si suala la msimu mmoja, maana aliteleza tangu katikati ya 2024.

Lakini hiyo .220 peke yake isikutie hofu. Cal Raleigh wa Seattle, mdakaji mwenzake (yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mirusho), alimaliza 2024 na .220 hiyohiyo, ila mipira 34 ilikuwa imevuka ukuta. Mwaka uliofuata akavusha 60, ambayo hakuna mdakaji wa ligi kuu aliyewahi kuifikia. Kwa hiyo tusibishane juu ya wastani. Tatizo la Rutschman ni nguvu. Jicho bado analo: mirusho mibaya anaiacha ipite. Ila akiupiga mpira, hauendi mbali.

Sasa nguvu hiyo hutoka wapi? Wengi hutazama mikono, kumbe gongo linaendeshwa na nyonga na kiwiliwili kinachojipinda, na katikati yake ipo misuli ya ubavuni. Mwezi Juni aliumia ubavu wa kushoto. Akarudi, na Agosti ukaumia wa kulia. Huyu ni mtu anayepiga kwa pande zote mbili, hana upande wa kujifichia. Alicheza mechi 90 kati ya 162. Mtu wa namna hiyo simhukumu kwa takwimu za mwaka huo, na nakushangaa wewe uliyekaa nje mwezi mzima kwa kifundo cha mguu unavyomhukumu.

Najua utakachosema: 2024 ubavu ulikuwa mzima, mbona alianguka? Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Mwaka 2023 alicheza mechi 154, na 2024 akacheza 148. Si zote alikuwa nyuma ya mpigaji, lakini nyingi mno alikuwa amechuchumaa pale, anadaka mirusho kama 140 kwa usiku, anapigwa na mipira iliyoparazwa mkononi, begani, kwenye barakoa, huku akiwapangia warushaji aina ya mpira wa kurusha. Kisha tunataka ashike gongo na miguu ileile. Mimi naamini alitumikishwa kupita kiasi akiwa kijana, kwa sababu alikuwa mzuri na timu haikuwa na mwingine wa kiwango chake.

Sasa yupo mwingine. Samuel Basallo, mdakaji kijana kutoka Jamhuri ya Dominika, alisainiwa Agosti 2025 kwa miaka 8 na dola milioni 67 akiwa na miaka 21. Wewe unaona huo ni mlango anaoonyeshwa Rutschman. Mimi naona ni kiti anachowekewa apumzike. Na ukitazama gongo lake, Basallo mwenyewe alimaliza chini ya .200 katika wiki zake za kwanza, kwa hiyo hakuna aliyempindua mtu bado. Kinachonipa wasiwasi kidogo ni kuja kwa Pete Alonso, mchezaji wa besi ya kwanza. Besi ya kwanza sasa ina mwenyewe, na Basallo atahitaji nafasi kwenye udakaji au kupiga bila kukaa uwanjani, nafasi zilezile anazozihitaji Rutschman.

Kocha mpya, Craig Albernaz, alikuwa mdakaji katika ligi ndogo. Simwabudu kwa hilo, lakini angalau magoti yake yanajua kinachozungumzwa.

Halafu kuna sheria mpya ya 2026: mpigaji, mrushaji au mdakaji anaweza kugusa kofia na kupinga uamuzi wa mwamuzi kuhusu mrusho kuwa mzuri au mbaya, mashine ikaamua. Kila timu inaanza na nafasi 2, na haipotezi nafasi ikiwa imepinga kwa haki. Mtu mwenye jicho la Rutschman atafaidika mara mbili, akidaka na akipiga.

Basi utabiri wangu wa 2026 huu hapa, uuhifadhi. Hatarudi .277. Nampa .250, mipira 17 au 18 nje ya ukuta, na mechi kama 125, nyuma ya mpigaji zisizidi 95. Akichezeshwa zaidi ya hapo kabla ya Julai, futa yote niliyosema na umlaumu Albernaz. Mechi za mazoezi za kabla ya msimu kule Sarasota usizitazame sana, hazina maana. Subiri mwisho wa Mei, kisha unipigie, wala usinitumie ujumbe wa sauti wa dakika saba.

Mjomba wako,
Baltimore